Bumerangi ya Mkono wa Kulia

Kwa Kaka Darcy,

Salamu nyingi kutoka huku mtoni. Hujambo huko mgodini, na kifua kimepona? Sisi tu wazima, ila mimi tangu Jumamosi nimeduwaa, hata Shangazi Dot ananiuliza kama nimekuta nyoka bafuni.

Unajua Babu alivyoisubiri bumerangi ya marehemu baba yake. Makumbusho waliirudisha Jumamosi, na kibandiko kilisema ilichukuliwa kambini kwa marehemu. Kabla ya hotuba, Babu aliitoa sandukuni, ubao wake umepinda kama kiwiko, akairusha kwa mkono wa kushoto. Mama wa makumbusho alijishika kichwa. Ikaanguka matopeni kama bata aliyepigwa. Shangazi akasema imezoea kulala mjini, watu wakacheka.

Babu hakucheka. Akairusha tena kwa mkono wa kulia, ule asioutumia hata kufukuza nzi. Ikazunguka juu ya mikalitusi, ikamrudia miguuni.

Watu walishangilia. Mimi nilisogea kuitazama. Bumerangi ya kurudi huchongwa kwa ajili ya mkono mmoja tu, wa kulia au wa kushoto, na baba yake Babu alikuwa wa mashoto, kama Babu, kama wewe. Kisha nikaona alama za unyayo wa ndege emu, alama za akina Quayle, ambao tangu nizaliwe tunawaita wezi wa bumerangi yetu nyingine.

Babu akaninong'oneza, "Mjukuu, kumbe wezi ni sisi."

Angeweza kunyamaza. Lakini jioni alinishika bega tukaenda nayo kwa Bibi Elsie Quayle. Babu alimkabidhi, akaomba radhi kwa niaba ya baba yake. Bibi alizipapasa zile nyayo, akaingia ndani, akatoka na nyingine, nyeusi kwa moshi.

"Chukua na hili lenu," akasema. "Kaka zangu wamelirusha mpaka mabega yakateguka. Halirudi, jinga hili."

Alisema wazee wetu wawili, baba yake na baba wa Babu, walibadilishana bumerangi walipotoka jandoni, kwa udugu. Mama yake alimweleza. Lakini walipokufa hakuna aliyethubutu kuwataja, maana kwetu majina ya wafu hayatamkwi, na udugu wao ukazikwa pamoja na majina.

Babu aliirusha ya kwetu kwa kushoto. Mbwa wa Bibi Elsie walijilaza chini kuikwepa. Ikarudi mkononi mwake, na Babu akakaa chini vumbini akalia. Sijawahi kumwona akilia.

Bibi ametualika Krismasi, sote, tule mkia wa kangaruu. Babu anasema uje na bega lako la kushoto likiwa zima. Shangazi anakusalimu, na mbwa pia.

Mdogo wako,
Merindah