Kitabu cha Mazimwi

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene! Hapa Mlandege hatujambo, ila babu yako anakohoa kwa baridi.

Unauliza kama ni dhambi kupenda sinema za kutisha. Miaka ya hamsini, nikiwa binti mdogo kule Igowole, baba yangu, mzee wa kanisa, alininyang'anya kitabu cha mazimwi. "Nakichoma!" alisema. Nililia siku mbili.

Siku ya tatu mama alinituma mahindi ghalani. Nikamkuta baba amejikunyata, anakisoma. Nilipomwita alipiga yowe, akaangusha kapu zima.

Nikangoja viboko. Akanong'ona, "Kaa hapa, mwanangu. Zimwi limefika mlangoni, na mimi peke yangu siwezi kuendelea."

Tulikimaliza tumeshikana mikono.

Wewe tazama tu, ila tafuta wa kukaa naye.

Bibi yako anayekupenda