Hirut kaniweka kwa marehemu

Tsedale, mimi ni mzima. Acha kulia.

Ni ile tovuti ya chama chetu cha kuzikana. Ukibonyeza "Walio hai" tunatokea sisi, ukibonyeza "Marehemu" wanatokea wenzetu. Hirut, mke wa mwanangu, ndiye anayeitunza. Kaniweka kwa marehemu! Kwa marehemu, Tsedale!

Asubuhi wanachama wamekuja na hema na masufuria. Nimewafungulia mlango mwenyewe. Mwenzetu Mulunesh kaitupa mikate yake ya injera chini, kanikumbatia, analia, "Dada yangu, nilikuja kukuzika!"

Hirut hakushtuka hata kidogo. "Mama, ulivyokuwa unakohoa wiki ile nilijua huvuki. Nikatanguliza kazi."

Nikamwambia, "Basi nirudishe kwa walio hai."

"Subiri, nina wageni."

Wageni wenyewe ni mtu na mkewe, wamekuja kukiangalia chumba changu ili wakipange. Mwanangu ndiye aliyekuwa amewashikia mlango. Hakuniangalia.

Mulunesh kawaambia vijana walisimamishe hema hivyo hivyo. Kanikalisha humo, kanifunika shuka lake, kanimiminia kahawa ya kwanza.

Ndimo ninamokuandikia. Kule chumbani kwangu wageni wanapima pa kuweka kitanda chao.