Mahindi ya Mama Mkwe

Kola, Jumanne, Mei 2004

Kuku wote wamekufa, na mama mkwe bado anasema ni ugonjwa wa kideri. Walikula mahindi yaleyale tunayokoboa na kupikia muthokoi, yaliyoota ukungu wa kijani kwa sababu tuliyaweka ghalani kabla hayajakauka.

Leo daktari wa mifugo alikuja, akafungua gunia moja. "Msile haya, wala msimpe ng'ombe. Hii sumu ya ukungu haitoki kwa kuosha wala kuchemsha. Inaharibu ini."

Mama mkwe akamjibu polepole, "Sasa tutakula nini?"

Daktari akalifunga gunia.

Alipoondoka niliyamwaga yote shimoni, nikayafukia. Mama alisimama mlangoni akilia bila sauti. Yeye ndiye aliyeyalima, na mgongo wake ule...

Jioni tulikunywa chai tupu. Mume wangu Mutua aliikataa, akasema tumbo limemjaa tangu Jumapili. Nilimgeuza kwenye mwanga wa dirisha nikamtazama macho. Yamekuwa manjano.

Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshamfungia nguo zake kwenye leso.

"Asubuhi tunampeleka hospitali," akasema.

Naogopa tumechelewa.