Pumzi ya Kukuozesha

Mwanangu mpendwa Hawa,

Marahaba. Naipokea kabla hujaitoa, maana najua ukiona mwandiko huu mbaya utasema tu, "Shikamoo baba," hata kama uko peke yako huko Muscat, nyuma ya kaunta ya duka la mabaibui.

Umelalamika kwenye simu kwamba ujumbe wangu wa sauti siku hizi ni mfupi. Ukauliza, "Baba, umeninunia?" Mimi? Mimi ambaye ulikuwa unaniweka juu ya meza naongea, unahudumia mteja, unamfungia mzigo, unarudi, na bado sijafika kwenye jambo lenyewe? Sijakununia, mama. Nimeishiwa pumzi. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kitu ambacho tangu nitoroke darasa la tano nimekishika kwa kuweka sahihi tu. Kalamu ina uzuri mmoja: nikichoka nailaza, kisha naendelea, wala hujui.

Na barua yenyewe naiacha wazi. Aisome mama yako, waisome wenzangu sokoni, waisome wakwe zako wa Pangani mpaka wachoke. Afadhali watu wasome yangu kuliko wasimulie yao.

Wewe unajua baba yako ni nani, lakini kwa kuwa wanasoma na wengine, niseme. Mimi ndiye dalali wa samaki ambaye Bagamoyo haijapata mwingine. Nimefika Mombasa, nimefika Moroni, nimekunywa kahawa Muscat kabla wewe hujazaliwa, na kote huko sijaona mtu wa kunadi fungu la changu kama mimi. Sauti yangu ikitoka, mteja aliyekuja kununua dagaa anaondoka na jodari na hajui kilichompata. Ulikuwa mdogo, nakukalisha juu ya boksi la barafu, umevaa sare ya shule, miguu inaning'inia. Siku moja uliniuliza, "Baba, kwani wewe huvuti pumzi?" Nikakwambia pumzi ni ya watu wa kawaida.

Halafu tukaufanya mchezo. Jioni nyumbani Mlingotini, mama yako akikuna nazi, mimi na wewe tunashindana nani atanadi kwa muda mrefu bila kuvuta pumzi. Wewe unanadi vyombo vya jikoni. "Sufuria hii! Nani sufuria! Haina kutu, haina tundu!" Unavimba mashavu, macho yanakutoka, unaanguka mkekani unacheka. Mimi nashinda kila siku. Ulinishtaki kwa mama yako kwamba navuta pumzi kwa pua kimya kimya. Mama yako akasema, "Mwanangu, baba yako angeweza kunyamaza hata pua moja tungeshukuru."

Sasa nikueleze.

Ilianza na jicho. Kope la kushoto likawa linashuka lenyewe, hasa mchana ukisogea. Asubuhi niko sawa, macho mawili kama watu. Ikifika adhuhuri, jicho moja limefunga duka. Na wewe unalijua soko letu: mimi nanadi nikitazama wakaangaji samaki, wale akina mama na makarai yao, na jicho linashuka mara moja, mara mbili. Wakadhani nawakonyeza! Umri huu! Wengine wakaniongezea bei kwa kicheko, sikukataa, biashara ni biashara. Lakini Bi Tatu, yule mkaangaji mwenye sauti ya ukali, unamkumbuka, alikuwa anakupa vibua vya bure, yeye hakucheka. Alinijia mbele ya watu, mwiko mkononi. "Wewe mzee, jicho lako hilo lipeleke kwa mkeo. Mimi nina wajukuu!"

Nikaapa si mimi, ni jicho. Soko zima likaangua kicheko. Dalali anasema si yeye, ni jicho! Nilivyozoea kuwafanyia mzaha, nani angeniamini?

Baada ya jicho zikafuata taya. Nyama ya pilau natafuna, nafika katikati, taya zinasimama, inabidi nizipumzishe kama punda aliyepandisha mzigo. Kisha mikono. Nguru ninayemwinua kwa mkia watu wote wamwone, nikawa namfikisha kifuani tu. Nikasema ni uzee. Baba yako mdogo Shomari akasema ni jini wa pwani, akaleta kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, nikanywa. Mama yako akasema ni maneno mengi, nipunguze. Kila mtu alikuwa na dawa yake.

Siku yenyewe nilikuwa nanadi pweza, jua limepanda. Nilikuwa naongea, na maneno yakaanza kulala mdomoni, yanatoka puani kama mtu mwenye mafua. Nikavuta pumzi, haikufika. Nikavuta tena, kifua hakikupanda. Miguu ikalegea, nikakaa chini juu ya tenga la samaki aina ya taa, kisha nikalala chali.

Na watu wakapiga makofi.

Usiwalaumu, Hawa. Unaujua ule mchezo wangu. Mteja akitaja bei ya kunitukana, mimi hushika moyo, huanguka kwa madaha, hupiga kelele, "Jamani nizikeni, ameniua!" Miaka yote hiyo nimeanguka mbele yao, na bei hupanda kwa huruma na kicheko. Siku hiyo mmoja alikuwa kataja bei ndogo kweli, na mimi nikaanguka kweli, na wao wakasema, leo mzee kaigiza vizuri kupita siku zote. Nikawa nawaona wanavyocheka na sina pumzi ya kusema hata "jamani". Mmoja akaniimbia dua ya maiti kwa sauti ya utani. Mwingine akaongeza bei ya pweza.

Aliyejua ni Bi Tatu. Aliniambia baadaye kwamba alitazama kofia. Kofia yangu ya kiua, ile uliyonishonea wewe mwenyewe kabla hujasafiri, ilikuwa imedondoka kwenye maji ya samaki, na mimi sikuiokota. Akasema, "Huyu kwa kofia ile angefufuka." Akapiga ukelele, akamwaga mafuta yake yote akinikimbilia, wakanibeba, wakaniingiza kwenye bajaji. Njia nzima ananishika kidevu na kunifokea: "Usithubutu! Hujanilipa jicho!"

Hospitali nilikuta daktari binti, rika lako hivi, mpole. Walinipa hewa ya mtungi kwanza, nikapata nafuu. Kisha akanichunguza. Akaniambia, "Mzee, vuta pumzi, halafu hesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine." Nikacheka moyoni. Mimi! Nikamwambia akae vizuri, tutafika alasiri. Nikaanza kwa mbwembwe, moja, mbili, tatu. Hawa, sikufika ishirini. Nikajaribu na ile hila yangu ya pua, haikusaidia kitu. Nilikukumbuka wewe mkekani, mashavu yamevimba, na hapo ndipo nilipoogopa. Sisemi uongo. Niliogopa. Si kufa, kufa Mungu anajua. Niliogopa ile siku yako.

Halafu daktari akafanya jambo la ajabu. Akachukua barafu, akaifunga ndani ya glovu, akaniwekea juu ya kope lililolala. Tukangoja. Alipoitoa, jicho likafunguka wazi kama la kolekole aliyevuliwa sasa hivi! Nikamwambia, "Daktari, maisha yangu yote nawawekea barafu samaki wasiharibike, kumbe na mimi ni fungu moja nao." Akacheka mpaka akakaa. Akasema, "Wewe bado mbichi, mzee."

Akanieleza kwamba anashuku ugonjwa wa neva na misuli. Neva inatuma ujumbe, misuli haiupokei vizuri, na kadiri unavyoitumia ndivyo inavyochoka, ukipumzika, inarudi. Nikamwambia ni kama mtandao wa simu Mlingotini. Akasema hasa. Damu imepelekwa Dar kupimwa, majibu bado, kwa hiyo hata jina la ugonjwa hatujakabidhiwa rasmi. Amenipa vidonge, nameza kabla ya kula, na wallahi taya zimerudi kazini. Akakaza macho aliponiambia kwamba kwenye pumzi hakuna utani: nikishindwa kumeza mate, au sentensi ikinikatikia njiani, nirudi saa hiyo hiyo, nisingoje kesho. Na nisinunue dawa dukani kiholela, kuna nyingine zinauchochea. Mama yako alisikiliza hayo yote kama askari anayepewa zamu. Siku hizi nikikohoa tu, tayari kashavaa baibui.

Nilimuuliza jambo lililokuwa linaniumiza. Nikamwambia nina binti anaolewa. Je, ugonjwa huu anaoushuku unaambukiza, au unarithiwa? Akasema hauambukizi, na kwa kawaida mzazi hamwachii mtoto. Basi wakwe wa Pangani, mmesoma hapo. Msije mkakaa barazani mkasema familia ile ina damu mbaya. Binti yangu ni mzima kuliko nyinyi wote.

Sasa tuingie kwenye siku yako.

Hawa, tangu unazaliwa nimejitapa kwa kila mwenye masikio kwamba siku ya ndoa yako sitampa shehe uwakala. Mababa wengi wanamwachia shehe aseme, wao wanakaa wanatazama mkeka. Mimi nilisema nitakuozesha kwa kinywa changu, nimshike mkono bwana harusi, niseme maneno yote mwanzo hadi mwisho, na vipaza sauti viwafikie mpaka waliokuja kwa ajili ya pilau tu. Ulikuwa na umri wa kubeba madaftari uliposema, "Lakini baba usininadi." Nikakuahidi sitaongeza hata neno.

Juzi nikajaribu. Nimekaa ukumbini asubuhi, nimelala vizuri, kidonge kimeshafanya kazi. Shomari akawa bwana harusi, tumeshikana mikono. Mama yako akasimama mlangoni, akakataza jina lako kutajwa. "Ndoa haina mchezo, msinichezee mwanangu." Basi nikamwozesha kuku wake mweusi. "Nimekuozesha kuku huyu, niliye na mamlaka naye, kwa mahari mliyokubaliana!" Shomari, kwa heshima zote na machozi ya kweli, akajibu, "Nimekubali kumuoa." Mama yako ilibidi ashike nguzo ya mlango kwa kucheka. Lakini nilimaliza, mwanangu! Neno kwa neno, kwa sauti ile ile, wala jicho halikushuka.

Tukarudia baada ya alasiri, saa ile ile ambayo wakwe wamepanga. Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye "mahari" ulimi ukalala. Nikausukuma, haukuamka. Shomari ameshika mkono wangu, anangoja, hacheki tena. Mama yako akageuka akaenda jikoni na hakuwa na kitu cha kupika.

Kwa hiyo nakuomba jambo, na unajua baba yako si mtu wa kuomba, ni mtu wa kutangaza. Ndoa isogezwe. Si tarehe, tarehe ibaki hiyo hiyo ya mwezi wa Mfungo Mosi, na usithubutu kuahirisha kwa ajili yangu, nitakufukuza uwanja wa ndege. Saa tu. Iwe asubuhi, saa tatu, kabla jua halijanichosha na kabla wageni hawajanichosha zaidi. Najua watu wa Pangani watalazimika kuja siku moja kabla. Waje, Mlingotini kuna nafasi, nitawalaza hata kitandani kwangu. Najua watu watasema ndoa gani ya saa ya chai. Waache waseme. Pilau italiwa mchana kama kawaida, na nyama nitaitafuna pole pole.

Mimi nilitaka kukuficha. Nilipanga nimwambie Shomari akae tayari, nikishindwa aseme yeye, na wewe ndani na wanawake usijue kwa nini sauti imebadilika. Mama yako akasema, "Ukimficha hili, utamwoza mtoto ambaye hajui ni nani kamwoza." Sikulala vizuri kwa maneno hayo. Ndipo nikatafuta kalamu.

Uwakala nimempa Shomari mbele ya mashahidi, ili jambo lisiharibike. Lakini atakaa ubavuni kwangu amefunga mdomo, hata afinywe, mpaka nimguse goti. Nimegusa, aseme. Sijagusa, anyamaze.

Basi mwambie mchumba wako kitu kimoja, umwambie mapema, asije akaharakisha kwa furaha yake. Siku hiyo, nikinyamaza katikati ya maneno, asijibu. Angoje, hata kimya kikiwa kirefu, hata watu wakiangaliana. Mimi nitakuwa navuta pumzi, na kabla sijamaliza, wewe bado ni wangu.

Njoo salama, mama yangu.

Mimi,
baba yako, dalali asiye na mfano, ambaye leo kaongea kwa kalamu