Pasi Kwenye Begi la Mama

Mama Pacha,

Maharage nimeshachemsha, wewe yaunge tu. Pacha wasiguse redio, waya umechubuka.

Nimepita mara moja kubadilisha shati, lile limelowa jasho. Narudi bandarini. Mama keshapanda meli, ila pasi ya umeme imebaki. Najua ulinikanya jana. Nikakujibu kwa maringo kwamba mashine ya kukagua mizigo naisimamia mimi, nani atamzuia mama yangu? Kumbe leo asubuhi mkuu kanihamishia meza ya tiketi.

Pasi ikaonekana. Melini hakiruhusiwi kifaa chochote cha umeme kinachotoa joto, wimbo ninaowaimbia abiria kila siku. Mkuu hamjui Mama. Akamfokea mbele ya foleni nzima kama mtoto: "Nani kakufungia hii?"

Mama akasema, "Ni mimi mwenyewe, mwanangu. Uzee tu."

Na mimi nipo hatua tatu pale, naendelea kugonga mihuri.

~~Watoto wakiuliza, waambie Bibi alisahau.~~ Waambie niliiweka mimi.

Meli inaondoka saa sita. Nakwenda kumwambia mkuu ukweli, halafu nimwombe nipande nikamtake Mama radhi. Wakinifukuza kazi, nisamehe na wewe.

Alipofika mezani kwangu nilishindwa kuinua uso. Nikamrudishia tiketi yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, afisa."

Baba Pacha