Tunakuja Kumchukua Precious

Kashindye mkwe wetu,

Sisi hapa Igogo wazima, dagaa wanakauka vizuri. Anayeandika ni Leonsia wa jirani. Ninayesema ni mimi, bibi yake mkeo Sabina.

Ulimfukuza mjukuu wangu ukabaki na Precious, mtoto anayenyonya. Ukajiona salama, maana kwa mama mkwe ni mwiko kukanyaga nyumbani kwako, na bodaboda wanayakataa mawe ya njia yenu. Basi Sabina kanunua pikipiki. Fundi Anatory kaifungia tairi za kutembea lami hadi Usagara na kushika mawe huko mbele. Kaweka sproketi kubwa ya mnyororo nyuma, ipande kilima. Lami tutakwenda polepole, lakini hasira yangu haipoi njiani.

"Bibi, utaweza kukaa?" fundi kaniuliza.

"Wewe kaza shokapu, mimi si unyoya!"

Mwiko ni wa mama mkwe, Kashindye. Bibi ni mtani wako. Nitaingia mpaka chumbani nikutoe uvunguni, mama yako akiona, na shikamoo yako sitaitikia.

Jumamosi mwogeshe mtoto mapema. Mama yake maziwa yamemjaa.

Ni mimi Kabula, nitakayekuwa kwenye kiti cha nyuma.