Nilimeza Dawa ya Wagonjwa, Sasa Ninapewa Kiti cha Kuwaongoza

Kolwezi, Jumapili, mwezi wa tano 1993

Mama Odile,

Kila Jumatano tunakusikiliza redioni hapa kazini betri zikiwa na nguvu, ila sijawahi kukuandikia, na leo ninakuomba unisome mpaka mwisho mbele ya kunihukumu, na jina langu usilitaje.

Mimi ni karani, nina miaka ishirini na nne, nilimaliza sekondari kwa mapadri, na kazi yangu ni kuandika wagonjwa na kushika ufunguo wa kabati la dawa katika dispensaire moja, zahanati ya mtaa wa Manika. Hapo Mama Mbelu, muuguzi wetu, alianzisha kikao cha kila Alhamisi kwa watu wanaotaka kuacha lutuku, ile pombe kali ya kupikwa majumbani, na kwa wale ambao mawazo yamewazidi tangu mgodi uliposimama, na mimi nilikaa pembeni nikiandika majina, nikamwona akifanya jambo nisilowahi kulisoma katika kitabu chochote: kila anayeacha kunywa alipewa mtu mmoja wa kumtembelea asubuhi na mchana kwa siku kumi za kwanza, na mtu huyo hakuruhusiwa kuwa ndugu yake. Nilimwuliza sababu. Akanijibu: "Ndugu yako atakuficha, ao atakutukana. Mutu wa inje atakuuliza tu kama umekula."

Tata Mpoyi, fundi wa umeme, alipewa Tata Kabamba, dereva wa malori makubwa ya mgodi. Unajua tulivyo siku hizi, Mama. Mpoyi ni mtu wa Kasai, baba yake aliletwa huku kuchimba shaba, na Kabamba ni mtu wa kwetu, kaskazini ya Katanga, na siku ya tatu ya Mpoyi bila pombe vijana walikuja mtaani wakawatoa watu wa Kasai manyumbani, na yeye na mke wake Ngalula wakaenda kukaa kwenye gare, kituo cha treni, pamoja na maelfu ya wengine wanaongojea treni, na Mama Mbelu pia, kwa sababu naye ni wa Kasai ingawa alizaliwa hapahapa Kolwezi, alifukuzwa siku ileile akiwa bado na kanzu yake nyeupe ya kazi.

Kesho yake Mama Mbelu alinitumia mtu kutoka gare: Tata Mpoyi anatetemeka, anaona vitu visivyokuwapo, leta kopo la diazepam. Hivyo ni vidonge vya kutuliza, anavyopewa mtu ambaye mwili wake unadai pombe, ili asianguke kifafa. Nilifika na kopo tupu. Nilimwambia depo, ghala la dawa, haikuleta, naye akaniamini, kwa sababu siku hizi kila kitu kimekwisha na hakuna wa kushangaa. Lakini Mama Odile, mimi ndiye niliyevimeza. Tangu mwezi wa tatu, siku nilipoona nyumba ya jirani ikiungua nami nimesimama tu dirishani, moyo ulianza kunipiga bila sababu na usingizi ukakimbia, nikasema nitakunywa kimoja, halafu viwili, halafu sikujua tena ni vingapi, na siku ile ya kopo nilikuwa na vingine nyumbani ndani ya soksi, na sikuvitoa.

Sasa nikuambie nilichokiona. Tata Kabamba alikuja gare kwa miguu kutoka Manika, akapita katikati ya masufuria na magodoro na makabati ya watu, akaketi nyuma ya Mpoyi akamshika kifuani kama unavyomshika mtoto mwenye homa, na kila mara Mpoyi aliposhtuka na kutaka kukimbilia reli alimwambia kwa sauti ileile: "Niko, Tata Mpoyi. Ni Kabamba. Hakuna kitu." Saa baada ya saa. Ngalula alikuwa akileta uji, na Kabamba akimlisha mwenzake kwa kijiko. Vijana waliokuwa mlangoni walianza kumcheka.

"Tata Kabamba, na weye unaenda Kasai? Treni yako njo ya saa ngapi?"

"Mi sina treni. Niko na mugonjwa."

"Mugonjwa gani? Ule ni mulevi."

"Na mi nilikuwa mulevi," akasema Kabamba bila kugeuza kichwa. "Baba yako njo alikuwa ananibebaka mpaka ku nyumba. Muulize."

Wenzake wakamcheka yule kijana, naye akaondoka mlangoni.

Siku ya Alhamisi kikao kilifanyika palepale. Watu saba wa kwetu walitoka Manika wakaketi chini pamoja na wenzao sita wanaofukuzwa, na kila mmoja akasema ni siku ngapi hajanywa na ni nini kilimsumbua wiki ile, kama kawaida, na askari mmoja wa reli akavua kofia akasikiliza. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika neno. Nimekaa kanisani tangu utoto, Mama, lakini sijawahi kuogopa kwa namna ile, kuogopa ambako hutaki kuishe.

Jumamosi Tata Mpoyi alimtambua mke wake, akasema uji umemchosha, anataka bukari, ugali wetu. Ndipo Mama Mbelu aliponiita kando. "Treni ikikuya, mi naenda," akasema. "Alhamisi weye njo utaongoza kikao. Uko mutu wa masomo, banakuheshimia." Kichwa changu kiliitika chenyewe. Kisha akaniambia kwamba wanaume wawili pale gare, baada ya kumwona Mpoyi, wanataka nao waache pombe wiki hii inayoanza, akaniuliza kama depo imeleta, nami nikasema bado.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu siku mbili bila kidonge. Mikono ilikataa kushika kalamu, jasho likanitoka, nikadhani ninakufa, nikarudia. Nikivitoa vilivyobaki nitaanguka, nikivificha mtu mwingine atatetemeka bila dawa, nikimwambia Mama Mbelu atapanda treni akinikumbuka kama mwizi, yeye ambaye siwezi kusimama karibu naye bila kushusha macho. Je, ninaweza kukikalia kiti chake, ninyamaze, na nijiponye polepole kwa siri?

Karani wa Manika


JIBU LA MAMA ODILE

Karani, kijana wangu,

Barua yako ililetwa jana na dereva wa lori. Mbele yake zilikuwa barua tisa. Zitangoja, kwa sababu treni haingoji. Majina niliyoyasoma hewani si yale uliyoandika, hata mitaa na kazi za watu nimegeuza, kwa hiyo upande huo kaa kwa amani. Upande mwingine sitakuacha kwa amani.

Kwanza pole. Mtu aliyeona nyumba ya jirani ikiungua na akaendelea kulala vizuri, huyo ndiye angenitisha. Hofu yako si aibu. Lakini ulikuwa unafanya kazi chumba cha pili na mwanamke ambaye kazi yake ni kuwasikiliza watu kama wewe, nawe ukashindwa kumwambia maneno mawili: Mama, silali. Ukachagua ufunguo. Huo ni wizi. Tuuite hivyo, halafu tuendelee, maana wewe ni mwizi na ni mgonjwa pia, na kila mmoja ana dawa yake. Mwizi anarudisha. Mgonjwa anatibiwa. Unachoniomba mimi ni ruhusa mgonjwa ajitibu gizani ili mwizi asijulikane, na ruhusa hiyo huipati.

Niliposoma habari ya Tata Kabamba niliweka karatasi chini. Katika miezi hii sijasikia jambo kubwa kuliko hilo. Sasa isome tena barua yako mwenyewe. Ile mikono ya Kabamba ilikuwa inafanya kazi ya vidonge ulivyomeza. Tata Mpoyi angeweza kufa palepale. Kutetemeka kwa namna ile kunaua, uliza muuguzi yeyote. Wewe ulisimama ukastaajabu, na soksi iko nyumbani. Angalia sana, kijana. Kuwastaajabia watu wema kunaweza kuwa mahali pa kujificha. Umemweka Mama Mbelu juu kabisa ili usilazimike kumwambia kitu. Mtakatifu anawashiwa mshumaa. Muuguzi anaambiwa mgonjwa amemeza nini, tangu lini, vingapi.

Vidonge hivyo usiviache ghafla tena. Zile siku mbili ulizodhani unakufa hazikuwa udhaifu wa roho, ni mwili uliozoea, na mwili uliozoea hupunguziwa kidogo kidogo kwa majuma, na anayepima ni muuguzi, si wewe. Kwa hiyo vilivyobaki vyote, vyote, vipeleke kwa Mama Mbelu. Yeye ataamua ni vingapi vyako, akuandikie jinsi ya kuvipunguza akishaondoka, na ni vingapi vya wale wanaume wawili. Wasiache pombe kwa mara moja mpaka yeye ajue dawa aliyo nayo, na mmoja wao akianza kuona visivyokuwapo, abebwe hospitali mapema. Tata Kabamba hapatikani kila mahali. Ufunguo wa kabati mkabidhi mkubwa wa dispensaire leo, hata akuulize sababu.

Na kiti? Usikikalie. Kinamfaa zaidi mtu aliyelewa, akaacha, na mji mzima unajua. Mwambie Mama Mbelu amfikirie Kabamba. Wewe utaketi chini na wengine, useme siku zako, na utaomba upewe mtu wa kukutembelea. Masomo yako yatatufaa baadaye, ukishalala.

Unaogopa ataondoka akikukumbuka kama mwizi. Inawezekana. Anafukuzwa kutoka mji aliozaliwa. Hasira anayo ya kutosha, na kama sehemu yake itakuangukia, ipokee, ni yako. Lakini ukinyamaza ataondoka akiwa amewaacha watu wake mikononi mwa mtu asiyemjua, na hilo ni ovu zaidi kuliko vidonge.

Kipindi hiki kikiisha, kula kitu, kisha uende gare. Usianze na nyumba iliyoungua. Usianze na moyo wako unavyopiga. Sema hivi: "Mama, depo haina kosa. Mi njo nilikula ile dawa. Hii njo imebakia." Umwekee mkononi, na usilie mbele yake ili akutulize. Wiki hii amewatuliza watu wa kutosha.